Siku Niliyorudi Kuwa Mwanafunzi



Mwezi uliopita nalikuahidini kwamba mazungumzo yetu ya mwezi huu yatakuwa juu ya adabu za mgeni na mwenyeji. Ahadi ni deni, nami sikulisahau deni hilo. Lakini naomba mnipe muhula mpaka mwezi ujao, inshaallah. Sababu ni kwamba baina ya ahadi ile na leo nalikwenda Malindi kupumzika siku mbili, na huko yakanipata mambo ambayo, nikiyaweka mpaka mwezi ujao, naogopa nitapata werevu wa kuyaficha. Ni mambo yanayonihusu mimi mwenyewe, wala si yote yanayonipendeza kusimuliwa.

Basi leo tutazungumza juu ya mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao. Najua baadhi yenu mtacheka na kusema: mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye miaka 55 na mvi kidevuni, na ubao wa mawimbini, wapi na wapi? Nami nalisema hivyo hivyo. Tafadhalini nisikilizeni.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, skuli zimefungwa. Dada yangu aliyeolewa Malindi alinipelekea salamu za lawama, kwamba tangu nianze kusomesha sijalala kwake hata usiku mmoja. Siku ya Ijumaa baada ya sala nalimchukua mjukuu wangu wa miaka 11, tukapanda gari hapa Mombasa, tukapita Kilifi, tukaingia Malindi kabla ya jua kuchwa. Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa chai, mjukuu akaniomba twende pwani. Twalikwenda, na mpwa wangu akatufuata.

Sisi watu wa Mombasa tumezoea bahari iliyofungwa kwa mwamba. Mawimbi makubwa huvunjika huko nje, nasi huyaona kama mstari mweupe tu. Yanayofika pwani ni yale yaliyokwisha choka. Katika ghuba ya Malindi sivyo. Kaskazini ya mji ule unamwagika mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi, na njiani huitwa Galana. Mto huo huleta maji matamu na udongo mwingi, na matumbawe, ambayo ndiyo yanayojenga mwamba, hayastahimili maji matamu wala matope. Kwa hiyo ghuba imebaki wazi kama nyumba isiyo mlango, na wakati wa kusi, hasa baina ya mwezi wa Julai na Septemba, mawimbi huingia moja kwa moja mpaka mchangani, safu baada ya safu. Zamani za ukoloni walowezi wa bara walikuwa wakishuka Malindi siku za likizo, wakilalia vibao vyembamba na kuletwa pwani na mawimbi hayo. Siku hizi vijana wa papo hapo wanasimama juu ya bao ndefu.

Tulipofika tuliwaona kama sita hivi. Mmoja wao alisimama wima juu ya maji, mikono ameinyoosha kidogo, na wimbi likamchukua mpaka karibu na sisi kama mtu aliyesimama juu ya zulia linalovutwa. Mjukuu wangu alipiga ukelele wa furaha. Mimi nalimshika mkono nikamwambia: "Huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Tutatazama, kisha tutakwenda zetu."

Yule kijana alitoka majini, akaweka ubao wake chini, akanitazama sana. Mara akaja mbio, akainama, akaushika mkono wangu akaubusu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Wanijua?"

"Nakujua, Maalim. Nimesoma kwako."

Wasomaji wangu, mwalimu aliyesomesha miaka 30 hukutana na wanafunzi wake kila mahali. Hulipa nauli akaambiwa imekwisha lipwa, huingia dukani akapewa kiti. Ni neema katika kazi yetu. Lakini kijana huyu alipotaja jina la baba yake, uso wangu ulinishuka. Nalimkumbuka. Jina lake silitaji, kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Miaka 16 iliyopita aliletwa kwangu, mtoto wa miaka 10, mwana wa mvuvi. Herufi zilimshinda. Be, te na the hakuweza kuzipambanua. Nukta zilimchezea machoni. Leo akijua, kesho amesahau. Nalimfanyia yale niliyofanyiwa mimi nilipokuwa mdogo: nalimkemea, na kukemea kuliposhindwa nalitumia bakora. Siku moja, mbele ya chuo kizima, nalimwambia: "Kichwa chako ni jiwe la pwani. Nenda ukavue na baba yako. Hapa si mahali pako." Wenziwe wakacheka. Akafunga juzuu yake, akaiweka mahali pake kwa adabu, akatoka. Hakurudi tena, wala mimi sikwenda kumtafuta. Baadaye nalisikia kwamba baba yake amehamia Malindi.

Huyo ndiye aliyenibusu mkono.

Mjukuu wangu, asiyejua lolote katika hayo, akamwomba amfundishe. Kijana akanitazama mimi, akangojea. Nalisema mtoto ataogopa. Akanijibu: "Akikuona wewe umeingia, Maalim, hataogopa." Nalitafuta udhuru nisiupate. Mpwa wangu naye akanicheka kwa macho. Basi nikasema haya, na kama mnavyojua, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwanza hakutupeleka majini hata kidogo. Alichora umbo la ubao mchangani kwa kidole, akatulaza juu ya mchoro ule, mimi na mjukuu wangu sawasawa. Akatuonyesha: mikono chini ya kifua, sukuma juu, leta mguu mmoja mbele katikati ya mikono, magoti yakunje, uso mbele. Mara kumi tulifanya hivyo juu ya mchanga mkavu. Magoti yangu yalilia kama mlango wa zamani. Wahenga husema samaki mkunje angali mbichi. Mjukuu wangu alikuwa mbichi, na mimi nalikuwa ng'onda.

Kisha akatueleza juu ya ubao. Ubao wa mwanafunzi si wa mti. Ni wa povu gumu lililofunikwa ngozi laini, urefu wake kama futi 9, mpana, na mwepesi hata mtoto aweza kuuburura. Chini yake una mapezi matatu kama ya samaki, ili ushike njia. Kamba nyororo hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, ili mtu akianguka ubao usimkimbie wala usiende kumpiga mwingine.

Akatueleza na wimbi. Nami naliyekaa pwani maisha yangu yote sikuwa nikijua kwamba wimbi husafiri, ila maji yake hayasafiri nalo. Alitupa kifuu cha nazi nyuma ya mahali yanapovunjika mawimbi, akasema: "Tazameni." Wimbi likaja, kifuu kikapanda, kikashuka, kikabaki karibu pale pale. Upepo wa mbali ndio unaoanzisha mwendo ule, na mwendo ndio unaotufikia. Wimbi likifika penye maji haba, chini yake huzuiliwa na mchanga na juu yake huendelea mbele, nalo huinama na kuvunjika. Wimbi la kimo cha mita 1 huvunjika panapo kina cha kama mita 1 na robo. Hapo ndipo mpanda mawimbi anapolingojea.

Tukaingia majini, mpaka kiunoni tu. Hapa sina budi kukiri kosa la kwanza. Nalikataa suruali aliyotaka kuniazima mpwa wangu, nikaingia na kikoi changu, kwa kudhani kwamba heshima ya mtu imo katika kikoi. Wimbi la kwanza halikunigusa mimi, lilikigusa kikoi. Nikakidaka kwa mikono miwili, ubao ukaniponyoka, ukanipiga gotini. Nalirudi pwani bila ya kusema neno, nikavaa suruali pana iliyopita magoti na shati la mikono mirefu, nikaingia tena.

Kijana alishika ubao kwa nyuma, akangojea wimbi lililokwisha vunjika, akausukuma na kusema: "Sasa, Maalim, inuka!" Naliinuka, na kabla sijajua mguu wangu uko wapi nalikuwa chini ya maji, chumvi puani na mchanga masikioni. Mara ya pili nalianguka kwa kulia. Mara ya tatu kwa kushoto. Mara ya nne ubao ulikwenda mbele na mimi nikabaki nyuma. Hapo nikakasirika, nikamwambia: "Ubao huu mbovu." Hakunijibu kwamba mchagua jembe si mkulima, ingawa alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alisema tu: "Hebu tubadilishane, Maalim." Akanipa mwingine, nikaanguka na huo pia.

Mjukuu wangu wakati huo alikwisha weza kupiga magoti juu ya ubao na kuletwa hivyo mpaka mchangani, akicheka. Nami, wasomaji wangu, nalimwonea wivu mtoto wa miaka 11. Nalitazama pwani kama kuna watu wanaonitazama, walikuwapo. Nalitamani kusema kwamba nimechoka. Na lililonisumbua zaidi ni kwamba kila nilipoinua kichwa kutoka majini nalingojea neno la kukemewa, na neno lile halikuja. Baada ya kuanguka mara ya tano alisema: "Mikono sasa umeiweka vizuri." Baada ya mara ya sita alisema: "Umeinuka mapema kuliko mwanzo." Kila anguko alilitafutia jambo moja jema lililokuwamo, akalitaja hilo, kisha akasahihisha jambo moja tu, si mawili.

Mara ya saba akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini, mjukuu wangu asisikie: "Maalim, unatazama miguu yako. Mtu huenda kule anakotazama. Tazama ule mnazi pale pwani. Tena unaogopa kuanguka, na mtu akiogopa mwili hukauka kama ubao. Na ubao juu ya ubao huteleza."

Maneno hayo alinipa ya kupandia wimbi, lakini yalinipeleka kwingine. Nalimwona mtoto wa miaka 10 amesimama mbele yangu chuoni, amekauka, na macho yake hayako juu ya herufi. Yako juu ya bakora. Mtu huenda kule anakotazama. Nalikuwa nimempa mahali pa kutazama, kisha nikamlaumu kwa kutoona herufi.

Nalianguka mara ya nane na ya tisa, na siku ile sikusimama.

Usiku dada yangu alimkaribisha nyumbani. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na baada ya Isha tukakaa barazani. Nalimwuliza asili ya mchezo ule, akanieleza aliyoyajua, nami tangu siku ile nimesoma zaidi. Basi nitakupeni kwa ufupi, kwani yana faida.

Asili yake ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, na zaidi Hawaii, ambako wenyewe waliuita he'e nalu, maana yake kuteleza juu ya wimbi. Kapteni James Cook wa Uingereza alifika Hawaii mwaka 1778, na mwaka 1779 msaidizi wake, Luteni James King, aliandika jinsi alivyowaona wenyeji wakipanda mawimbi. Wakuu wao walikuwa na bao zao ndefu sana zilizoitwa olo, na watu wote, wanaume kwa wanawake, waliucheza. Baadaye wageni walileta maradhi yaliyoua watu wengi mno, na wamisionari waliofika kuanzia mwaka 1820 wakauona mchezo ule kuwa upuuzi, nao ukafifia mpaka karibu kusahauliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukafufuliwa katika pwani ya Waikiki.

Mtu aliyeutangaza ulimwenguni ni Duke Kahanamoku, mwenyeji wa Hawaii, aliyezaliwa mwaka 1890 akafariki mwaka 1968. Alishinda nishani ya dhahabu ya kuogelea katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na mwisho wa mwaka 1914 alikwenda Australia, akachonga ubao huko huko na kuwaonyesha watu mchezo wa kwao. Lakini lililonigusa mimi ni jambo la mwaka 1925. Chombo kilipinduliwa na mawimbi karibu na pwani ya California, naye alikuwa hapo na ubao wake. Akaingia katika mawimbi yale mara baada ya mara, akawaokoa watu 8 kwa ubao huo. Nalipolisikia hilo nalikumbuka neno langu la asubuhi, kwamba huu ni mchezo wa watu wasio na kazi, nikanyamaza.

Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Mshindi wa wanaume alikuwa Ítalo Ferreira wa Brazil, ambaye baba yake alikuwa akiuza samaki, naye alianza kujifunza juu ya kifuniko cha sanduku la kuwekea samaki. Kijana wangu alipolisimulia hilo macho yake yaling'aa, kwa kuwa yeye naye alianza na kipande cha ubao wa mashua iliyovunjika. Wala msidhani kwamba ni mambo ya nchi za mbali peke yake. Taghazout katika nchi ya Morocco, na Ngor katika mji wa Dakar, Senegal, ni vijiji vya wavuvi na vya Waislamu, na mawimbi yake yanajulikana ulimwengu mzima.

Mazungumzo yalipotulia nalimwuliza: "Mwanangu, kusomesha kwa upole namna hii umejifunza wapi?"

Akainamisha macho, akasema: "Tuache hayo, Maalim."

"Nambie kweli."

"Nimejifunza kwako," akasema. "Kila jambo lililokuwa likinikausha chuoni, nalisema nikija kumfundisha mtu sitalifanya."

Hakulisema kwa kunikebehi. Alilisema kama mtu anayeeleza njia aliyoijia. Nalikaa kitambo sina jibu. Kisha nikamwambia: "Neno nililokwambia siku ile mbele ya wenzio lilikuwa dhuluma. Nami nalijua kuwa ni dhuluma jioni ile ile, nikaona haya kukufuata. Naomba unisamehe."

Akanyamaza, tukasikia bahari. Halafu akasema: "Nimekusamehe, Maalim. Lakini neno lile nimelisikia miaka mingi."

Namshukuru kwamba hakusema "si kitu". Lau angesema si kitu, ningerudi Mombasa na mzigo ule ule, na juu yake uongo.

Sisi waalimu hupenda kuwasimulia watoto kisa cha Nabii Musa (A.S.), jinsi alivyosafiri mpaka pakutanapo bahari mbili kumtafuta mja mwema ili ajifunze kwake. Zaidi ya miaka 25 nimekisomesha kisa hicho, na siku zote nalijiona mimi ni yule anayefundisha. Usiku ule nalijiona mahali pengine. Na Malindi yenyewe ni ushahidi: mwaka 1498 Vasco da Gama, nahodha aliyezunguka ncha ya kusini ya Afrika, alipofika hapo hakuweza kuvuka mpaka Hindi bila ya rubani aliyepewa mjini humo. Aliyeijua bahari moja alikuwa mwanafunzi katika nyingine.

Jumapili asubuhi tulirudi pwani. Maji yalikuwa yakijaa, na upepo haujakaza. Naliulalia ubao, wimbi likaja, nikasukuma, nikaleta mguu mbele, nikautazama mnazi. Nikasimama. Si kwa muda mrefu. Mjukuu wangu alihesabu mpaka nne. Lakini katika hesabu ile ya nne sikusukuma wala sikuvuta kitu, nalichukuliwa. Pwani ilikuwa ikinijia. Kisha nikaanguka, na anguko lile la kumi ndilo la kwanza nililoinuka nalo nikicheka. Mjukuu wangu alisimama mara nyingi zaidi, na sikumwonea wivu tena.

Kabla ya safari kijana alinisindikiza mpaka kituo cha magari. Nalimwuliza alikomea wapi siku ile alipotoka chuoni. Akasema: "Kwenye be na te, Maalim. Mpaka leo zanichanganya." Basi tumepatana. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Isha hunipigia simu. Nalimwandikia herufi kubwa kwenye karatasi, nukta zake kwa wino mwekundu, nikampelekea. Naye huzisoma, nami husikiliza. Akikosea husahihisha jambo moja tu, si mawili. Wiki iliyopita alisoma mstari mzima bila ya kusimama, na mimi, ambaye sikupata kumsifu mwanafunzi mbele yake, nalimwambia kwamba amesoma vizuri. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

Hapa chuoni bakora nimeitoa. Yuko mtoto wa miaka 9 ambaye nalikwisha anza kumwita kwa jina la mzaha kwa ajili ya uzito wake wa kushika. Sasa namweka karibu yangu, namwonyesha kwa kidole mahali pa kutazama. Bado ni mzito. Lakini hakauki tena, na juzi aliniuliza swali, jambo ambalo hakulifanya tangu aje.

Sasa nina maneno machache kwa vijana wangu wanaopenda bahari, niliyoyapokea kwa mwalimu wangu. Kwanza, jifunzeni kuogelea kabla ya kugusa ubao, wala msiingie peke yenu. Pili, mkiwa majini msiuweke ubao baina yenu na wimbi, kwani wimbi litaupiga na ubao utakupigeni. Na mkianguka, angukeni kwa ubapa, si kwa kichwa, na mfunike kichwa kwa mikono mpaka mwone ubao uko wapi. Tatu, mkichukuliwa na mkondo unaorudi nje, msishindane nao kwa kurudi moja kwa moja pwani. Ogeleeni kwa kuufuata ufuko mpaka mtoke katika mkondo, ndipo mrudi. Nne, vaeni nguo ya kusitiri isiyowasumbua majini, wavulana kwa wasichana, na jifunzeni katika kosa la kikoi changu. Tano, wakati wa sala ukifika tokeni. Mawimbi yatakuwapo baadaye.

Na kwa wazazi na waalimu wenzangu nina ombi moja. Mara moja katika mwaka, jifunzeni jambo msilolijua kabisa, na mjifunze mbele ya watoto wenu. Liwe kupanda wimbi, liwe kushona, liwe kutumia mashine. Angukeni waone. Kisha mkirudi kwenye kiti chenu cha kusomeshea, mkumbuke mlivyokuwa mkingojea neno la yule aliyekuwa akikufundisheni, na neno gani lilikuinueni.

Na kama yuko mtu mlimwambia neno zamani, naye bado yu hai, msingoje mpaka akutane nanyi pwani akubusuni mkono.

Mwezi ujao, inshaallah, nitalipa deni langu la adabu za mgeni na mwenyeji. Mola atujaalie elimu yenye manufaa, na atulindie watoto wetu nchi kavu na baharini. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.